Siku Mbili za Kumfundisha Bi Harusi Kusalimu

Mwaka ule niliofundisha Kiingereza milimani, kitu nilichokikosa kuliko hata wali wa nazi kilikuwa ni mtu wa kubishana naye kwa Kiswahili. Kijiji chenyewe kilikuwa mwendo wa karibu saa mbili kutoka Dubai, kimebanwa katikati ya milima ya mawe matupu, si mbali na mpaka wa Oman. Kulikuwa na msikiti, mashamba ya mitende, duka moja lililouza kila kitu kuanzia sindano mpaka mbolea, mbuzi wasio na adabu, na shule ndogo ya binafsi iliyoniajiri niwe msaidizi wa mwalimu wa chekechea. Mwalimu mwenyewe alikwenda kwao likizo ya Desemba na hakurudi. Mkuu wa shule akanikabidhi kalamu za ubao na funguo za kabati, na mimi, binti wa Morogoro, nikawa ndiye Kiingereza chote cha shule ile.

Watoto walinipenda, nami niliwapenda. Ila ulimi wangu ulikuwa na mazoea yake. Kabla ya kila agizo nilikuwa nasema "haya". Haya, simameni. Haya, fungueni vitabu. Mengine yote yalikuwa Kiingereza kitupu, lakini lile "haya" lilikataa kuondoka. Siku moja alikuja mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, akawasikia wanangu wakiambizana "haya, haya" wakati wa kupanga foleni. Akamwuliza mtoto mmoja neno hilo ni la wapi. Mtoto akamjibu kwamba ni Kiingereza, tena akamtazama kwa huruma, mtu mzima kama yeye kutojua kitu chepesi namna ile.

Kwa Kiswahili nilizungumza na mbuzi tu. Kwa hiyo Ijumaa moja ya Januari, shule ilipofungwa mapema kwa ajili ya swala, nilikuwa na begi langu mgongoni hata kabla kengele haijalia. Nilipanda basi la saa nane mchana kwenda Dubai. Lilikuwa karibu tupu, na kiyoyozi kilipuliza kana kwamba tunasafirisha samaki. Nilijifunika ushungi mpaka puani nikaanza kupanga nitakayoyasema. Nilikuwa na mambo ya wiki sita.

Nilikuwa nakwenda kwa marafiki zangu wawili, Mkenya na Mganda. Sisi watatu tulikutana siku ya kwanza kabisa tuliyotua nchi hii, tumekaa kwenye viti vya uwanja wa ndege tukisubiri watu wa kutuchukua ambao kila mmoja alisahau abiria wake. Tulisubiri nusu siku nzima. Tuligawana njugu, tukalindiana mabegi, na mtu wa kwanza alipokuja tulikuwa tumeshakuwa ndugu. Mkenya alikwenda kuwa mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno mtaa wa Oud Metha, na sasa alikuwa anapanga kitanda katika chumba cha wanawake wanne pale Karama. Mganda alikuwa mlinzi wa jengo moja huko Silicon Oasis.

Mkenya ndiye aliyenifungulia mlango. Nilimtazama, nikatabasamu, nikasema, "Habari... za... leo?" Polepole, neno moja moja, na mikono yangu ikachora duara hewani la kuonyesha "leo".

"Wee!" akasema. "Kwani mimi ni mtoto wa nasari? Mbona unaniongelesha hivyo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye zulia. Miezi ya kuzungumza na watu wa miaka mitano ilikuwa imeniharibu. Lakini nilipoanza, nilianza kweli. Nilimweleza habari za mkaguzi, za mwenye duka, za mbuzi aliyekula madaftari saba ya hesabu. Nilizungumza akipika sukuma na ugali, nikazungumza tukila, na alipokuwa anaosha vyombo nilisimama nyuma yake nikiendelea. Mwishowe alifunga bomba akanigeukia.

"Sasa umemaliza? Kuna kakitu nataka kukuambia. Usikasirike kwanza."

"Kakitu gani?"

"Nimekuahidi kwa watu."

Pale kliniki alikuwa na mgonjwa wake mmoja, bibi wa Kizanzibari aliyekuwa Dubai tangu enzi za nyumba chache na mchanga mwingi. Bibi huyo alikuwa anatengenezewa meno mapya, na kila akija alikaa mapokezi saa nzima akizungumza na rafiki yangu, kwa sababu na yeye alikuwa na kiu yangu ileile. Mjukuu wake wa kike alikuwa anaolewa na kijana wa Unguja, mhandisi anayefanya kazi hukuhuku. Yule mjukuu alizaliwa Dubai, mama yake Mwarabu, na alikuwa anajua Kiarabu na Kiingereza. Yeye na mchumba wake walikutana kwa Kiingereza, wakapendana kwa Kiingereza. Hapakuwa na tatizo lolote hadi ilipojulikana kwamba mama mkwe anakuja kutoka Unguja kwa ajili ya harusi, na mama mkwe huyo hakuwa na lugha nyingine ya kuzungumzia zaidi ya Kiswahili. Anafika Jumapili asubuhi.

"Jumapili hii?" nikauliza.

"Hii hii. Sasa bibi akaniuliza kama namjua mwalimu. Nikamwambia mbona, beshte yangu ni mwalimu wa lugha, anakuja wikendi."

"Lakini mimi nafundisha Kiingereza!"

"Si lugha ni lugha tu?"

Nilikuwa nimekuja Dubai kupumzika kufundisha. Nilikuwa na mpango wa kuzurura madukani Karama, kula samosa, na kulala mpaka saa nne. Lakini nilimwona bibi yule akilini, amekaa kwenye kiti cha kliniki akingoja mtu wa kuzungumza naye, nikachukua kitambaa nikaanza kukausha vyombo. Rafiki yangu alijua maana yake. Alikwenda kumpigia bibi simu hapohapo.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa miguu, maana Oud Metha si mbali na Karama, na hewa ya Januari Dubai ni ya kumfanya mtu asahau kabisa habari za Agosti. Mganda alitukuta chini ya jengo la bibi. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, bado amevaa suruali ya kazi na viatu vizito, macho mekundu kwa usingizi.

"Banange, mwalimu!" akanikumbatia akaninyanyua kutoka chini. Ni mrefu, na mikono yake ni ya mtu anayefungua mageti. "Niambie tu mahali pa kulala."

Bibi alitufungulia mwenyewe. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa kanga mbili juu ya dira, na nyumba nzima ilinukia iliki. Tulimwamkia kwa pamoja, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu, moja moja, akituangalia usoni.

"Wewe ndiye mwalimu?" akaniuliza. "Mtu wa wapi?"

"Morogoro, bibi."

"Aa, bara." Akafikiri kidogo. "Haidhuru. Ingieni mnywe chai."

Bi harusi mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri sindano. Alikuwa msichana mzuri, mwenye kazi yake ya kompyuta na maneno ya haraka ya Kiingereza, na aliniambia mara moja kwamba hawezi, ameshajaribu. Bibi yake alimfundisha mara mbili na mara zote mbili waliishia kugombana.

"Akikosea namwambia siyo hivyo," akasema bibi kwa Kiswahili, kana kwamba alikuwa ameelewa kila kitu. "Nikimwambia siyo hivyo, analia. Sasa mie nifanyeje?"

Nilimwuliza msichana maneno anayoyajua. Alihesabu kwa vidole: njoo, kaa, kula, lala, nyamaza, usiguse. Ndiyo maneno aliyomlelea bibi. Alikuwa anajua Kiswahili cha mtoto wa miaka mitatu anayeamrishwa, basi.

Hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipotokea, nao haukuwa wa bi harusi. Mimi nilitaka aanze na shikamoo, halafu habari za safari. Bibi akasema habari za safari ni maneno ya stesheni, amwulize mkwewe "wajionaje" na "hali yako". Mkenya akasema hayo yote ni marefu mno, mtoto atasahau, aseme tu, "Karibu mum, umefika poa?" Bibi akaweka kikombe chini.

"Poa ni nini?"

"Ni... vizuri, nyanya."

"Basi si aseme vizuri?"

Tulimgeukia Mganda atuamulie, naye akafumbua jicho moja pale alipojilaza kwenye zulia. "Mimi Kiswahili changu ni cha kazi. Simama hapo. Unakwenda wapi? Andika jina."

Msichana, aliyekuwa haelewi neno hata moja, alituangalia mmoja mmoja, halafu akaniuliza kwa Kiingereza kama hizi zote ni lugha moja. Nilimwambia ndiyo. Akafunika uso kwa mikono.

Nikaona hapana, tutamaliza siku hivi. Nikasimama katikati ya sebule nikapiga makofi mara tatu, kama ninavyofanya darasani, na watu wazima wote wakanyamaza wakanitazama. Nilimpa msichana sentensi saba tu, wala si nane. Kila sentensi niliipa kitendo chake cha mikono. Nne za kwanza zilikuwa za mlangoni. Shikamoo, unainamisha kichwa. Karibu, unafungua mikono. Pole kwa safari, unaweka mkono kifuani. Nimefurahi kukuona, unagusa jicho. Hakuona aibu hata kidogo, na hilo lilinishangaza. Nadhani alikuwa amechoka kuwa mtu mzima mbele ya jambo asiloliweza.

Halafu tukahitaji mama mkwe wa kufanyia mazoezi. Bibi alimvisha Mganda kanga, moja kiunoni juu ya suruali ya ulinzi, moja kichwani, akamkalisha kwenye kiti kikubwa. Msichana alitoka nje ya mlango wa sebule, akagonga.

"Hodi!"

"Nani?" akanguruma mama mkwe. "Onyesha kitambulisho!"

Bibi alicheka mpaka akashika meno yake mapya yasidondoke. Msichana aliingia na kutoka mara kumi na tano au zaidi. Mara ya tano alikuwa anacheka. Mara ya kumi alikuwa anajibu. Mara ya mwisho mama mkwe wetu alikuwa amesinzia kitini na kanga imemfunika uso, naye akaamkiwa usingizini, akaitikia, "Marahaba, pita."

Baada ya chakula, samaki wa kupaka na wali ambao sitausahau, msichana alitoa simu yake akaanza kuandika sentensi zake asije akazipoteza. Bibi alimchungulia begani. Nilimwona anasimama palepale, mkono juu ya kochi. Msichana alikuwa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

"Baba yangu alikuwa akiandika hivyohivyo," bibi akasema. Hakuwa anazungumza na sisi. "Barua zote alizotuletea. Kiswahili, kwa herufi hizo."

Nilimtafsiria msichana. Akainua uso kumtazama bibi yake, halafu akasogea kumpa nafasi. Bibi alikaa, akavaa miwani, akaishika simu mbali na macho, akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Akasema hapa umekosea herufi. Safari hii msichana hakulia. Alifuta akaandika upya. Walikaa vile mpaka alasiri, vichwa vimegusana, wakiulizana neno hili unaliandikaje, na sentensi saba zikawa kumi na mbili, halafu ishirini. Hawakunihitaji tena. Nilikwenda jikoni kuwasaidia wenzangu kuosha vyombo.

Jumapili saa nne tulikuwa palepale, kwa sababu msichana alimpigia simu Mkenya akasema bila mwalimu haingii sebuleni. Mimi nilikaa pembeni nikiwa na wasiwasi kama vile mtihani ni wangu. Mlango ulifunguliwa, akaingia mchumba akiburuta masanduku mawili yaliyofungwa kamba, na nyuma yake mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye buibui jeusi na jasho la safari, anaangaza huku na huku kumtafuta mkwewe.

Msichana alisogea mbele, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!"

Mikono ikafunguka. "Karibu sana."

"Ahsante, nishakaribia."

Mkono ukaenda kifuani. "Pole kwa safari."

"Nishapoa, mwanangu, nishapoa." Mama wa watu alikuwa ameanza kulengwa na machozi. Mimi pale pembeni nilikuwa natamka kila neno kimyakimya. Imebaki moja ya mlangoni, nikajisemea. Msichana akagusa jicho lake, akavuta pumzi, na kwa sauti kubwa, wazi, bila kutetemeka, akasema:

"Nimefurahi sana kukuoa!"

Mkenya aliuma ushungi wake. Mganda alitazama dari. Bibi alifunga macho. Mama mkwe akaweka mkono kifuani.

"Kunioa? Mie?" Akamgeukia mwanawe aliyekuwa bado ameshika kamba ya sanduku. "Na wewe basi umekuja kufanya nini hapa?" Kisha akamrudia msichana. "Haya mwanangu, lakini mbona hukuleta posa?"

Nyumba nzima ililipuka. Bibi alikaa chini. Msichana alikuwa anatutazama akitabasamu tabasamu la mtu asiyejua kilichotokea, mpaka mchumba wake alipomwinamia akamweleza kwa Kiingereza. Uso wake ulibadilika, akageuka kutaka kukimbilia chumbani. Nami nilikuwa nimeshainuka kumshika, lakini mama mkwe aliniwahi. Alimvuta mkono, akamkalisha kwenye kochi ubavuni pake, akamshika kidevu.

"Tazama mdomo wangu. O-na. Ku-ku-o-na. Ukiacha hiyo na, umeshanioa."

"Kukuona," akasema msichana kwa sauti ndogo.

"Ehee! Tena."

"Kukuona."

"Nami nimefurahi kukuona, mwanangu. Tena sana."

Msichana akainuka, akachukua sahani ya mandazi mezani, akamwekea mkwewe mapajani, na kwa ile lafudhi ya bibi yake aliyoisikia tangu utotoni, akasema, "Kula."

Hiyo haikuwa kwenye orodha yangu. Mama mkwe alichukua andazi akala, kwa utii kabisa.

Basi langu la kurudi lilikuwa saa tisa. Nilipoaga, bibi alinisindikiza mpaka kwenye lifti, akanishika mkono kwa muda mrefu, akasema kwa mtu wa bara si haba, nafundisha. Nilimwambia aliyefundisha ni yeye. Hakunibishia. Marafiki zangu walinipeleka mpaka kituo cha mabasi na mfuko wa mandazi, tukapiga kelele njia nzima tukimwigiza mama mkwe, mpaka mzee mmoja kwenye metro akahama kiti. Basi lilipoanza kupanda milima niligundua kwamba sikukumbuka kuwasimulia nusu ya mambo yangu ya wiki sita. Wala sikusikitika.

Harusi yenyewe sikuiona. Iliangukia siku ya katikati ya wiki, na mimi nilikuwa naandika ripoti za watoto. Nililetewa picha: Mkenya amejipamba kuliko wenye shughuli, Mganda amesimama mlangoni kama kawaida yake, na bibi katikati, meno yote nje.

Miezi miwili hivi baadaye, siku ya mapumziko, simu yangu ililia nikiwa nasahihisha madaftari. Alikuwa yule msichana, anapiga kutoka jikoni. Nyuma yake nilisikia maji na vyombo.

"Mwalimu, shikamoo," akasema. "Mama mkwe anasema niongeze tui. Tui ni nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. "Mama mkwe hajarudi Unguja? Yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Basi mwulize yeye."

Akamwuliza, kwa Kiswahili, na bila kukosea. Nikasikia mama yule akianza kumweleza, kwamba nazi unaikuna, halafu unaikamua, tui la kwanza ni zito linakwenda mwisho, la pili ni jepesi linatangulia, na usikubali kudanganywa na hilo la kopo. Msichana akauliza la kopo lina ubaya gani. Mama mkwe akaanza kueleza ubaya wa la kopo. Msichana akabisha. Walikuwa wamenisahau kabisa. Niliwasikiliza kidogo, kisha nikakata simu nikarudi kwenye madaftari yangu.